Wanamtaka Mama Zuhura, mimi hawanitaki

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni msichana wa miaka 29, mzaliwa wa Likoni, na kazi yangu ni kuchekesha watu. Huu ni mwaka wa sita niko jukwaani, mimi na maiki. Nilianzia harusini, nikiwashika wageni maneno bi harusi anapochelewa saluni. Baadaye nikaitwa hoteli za Nyali, na sasa mara mbili kwa mwezi nakwea treni kwenda kuchekesha Nairobi.

Wanaonijua wananijua kwa mtu mmoja tu: Mama Zuhura. Ni mama muuza viazi karai pale kwenye kivuko, leso moja kiunoni, moja kichwani, na kila gari linaloteremka ferini yeye analo la kusema. Sitaficha, nimemchota kwa mama yangu mzazi. Nikijifunga ile leso tu, hata sijafungua mdomo, ukumbi ushaanza.

Mwezi wa pili mtayarishaji mmoja alinifuata nyuma ya jukwaa. Anataka kutengeneza kichekesho cha runinga, vipindi 26: Mama Zuhura anahamia Nairobi kwa mwanawe, kwenye ghorofa la Kilimani, aishi na mkaza mwana asiyekula vya mafuta. Wazo nililipenda, nisiseme uongo. Malipo ni shilingi 18,000 kwa kipindi. Nilipiga hesabu usiku ule ule: 468,000. Pesa kama hizo sijawahi kuziona zimekaa pamoja.

Basi nikaitwa kufanyiwa majaribio. Chumba kina baridi, taa zinachoma, sakafuni kuna alama ya tepu ya buluu nimeambiwa nisiipite. Nikasema mstari wangu wa kwanza, ule ambao huwa unawamaliza watu, nikanyamaza nisubiri wacheke. Kimya. Jamaa wa sauti anatazama saa yake. Nikaongeza chumvi, nikazungusha jicho. Kimya. Mwelekezi akauliza kwa upole kabisa: "Dada, unamsubiri nani?" Nilitamani ile tepu ifunguke initie ndani.

Hata hivyo wakanichukua. Lakini wana masharti. Kwanza nivae mito, ya mbele na ya nyuma, niwe mnene. Pili, "niongeze upwani". Nilipouliza upwani ni kitu gani nikaambiwa Mama Zuhura awe analala lala kwenye kochi, mvivu, kila kitu kwake ni jini. Shangazi, Mama Zuhura wangu anaamka saa kumi alfajiri kumenya viazi!

Halafu kuna mkataba wa mwaka mmoja. Kurasa 11, Kiingereza kitupu. Kifungu cha 9 kinasema jina, sauti, mavazi na mwenendo wa Mama Zuhura ni mali ya kampuni milele, na mimi nisimwigize popote bila ruhusa yao, mkataba ukiendelea na miaka miwili baada ya kwisha. Nilipouliza nikaambiwa fani ndivyo ilivyo, na wako wengine wanaoitaka nafasi. Natakiwa kutia sahihi kabla ya mwisho wa mwezi.

Wachekeshaji wenzangu kwenye grupu la WhatsApp wanasema nimeuza jukwaa. Mama yangu nilipomweleza aliuliza swali moja tu: "Na mimi je, watanilipa?" Akacheka. Mpaka leo sijui kama alikuwa anatania.

Nitie sahihi au nisitie? Na je, mimi ni mwigizaji kweli, ama ni mpayukaji tu wa maiki?

Binti wa Feri, Mombasa

Marahaba mwanangu.

Nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu naona ndilo linalokunyima usingizi na umelificha chini ya mkataba. Kabla sijaanza kujibu barua za watu nilikaa miaka mingi sakafuni mwa studio, nikiwa nimeshika mswada na kalamu ya risasi, nahesabu nani kasema nini na kikombe kilikuwa mkono gani. Nimewaona wachekeshaji wa jukwaani wengi wakiingia pale kwa mbwembwe, na karibu wote siku ya kwanza waliganda palepale ulipoganda wewe. Hao si waigizaji wabaya. Mtu aliyezoea jukwaa huhesabu kicheko kama nusu ya sentensi yake. Anarusha, ukumbi unarudisha, na mrudisho ule ndio unaomwambia sasa aongeze au apunguze. Studio inamnyang'anya huo mrudisho.

Waulize swali moja kabla ya jingine lolote: watazamaji watakuwepo studioni, au hawatakuwepo? Marekani vichekesho vingi vya nyumba moja na kochi moja vimepigwa kwa kamera kadhaa kwa pamoja, watazamaji wameketi mbele, na mwigizaji anangoja kicheko kitulie kama unavyongoja wewe. Ikiwa ni hivyo, wewe umeshawatangulia wenzako wa tamthilia. Lakini hapa kwetu vingi hurekodiwa kwenye nyumba ya kukodi, kamera moja au mbili, na kicheko, kama kitakuwepo, kinabandikwa baadaye. Hapo lazima mapumziko yako uyapeleke kwa mwigizaji mwenzako. Mkaza mwana amekunja uso kwa sababu ya mafuta: mtazame, ule uso wake ndio ukumbi wako. Tafuta rafiki, wekeni viti viwili vielekeane, someni mswada wiki nzima, na ujipige marufuku kutazama mbele. Utasikia kama umefungwa mikono. Siku ya nne au ya tano mkono mmoja utafunguka.

Na ujue jambo jingine ambalo hakuna atakayekuambia. Jukwaani kila mstari mtamu ni wako. Kwenye kipindi, siku nyingine kazi yako itakuwa kufungua mlango na kusema "hodi" ili mwingine achekeshe. Wako waliorudi kwenye maiki kwa sababu ya "hodi" hiyo, wala siwalaumu.

Sasa kifungu cha 9. Hapa nitaketi kitako.

Wewe wa Mombasa hutahitaji mfano wa mbali. Unajua nyumba bila ardhi. Mtu anajenga nyumba yake Majengo, anaimiliki kuta na bati, lakini ardhi ni ya mwingine na kila mwezi anapeleka kodi ya ardhi. Huyo mwenye ardhi hapigi hata tofali moja, lakini hakuna anayemsahau. Mama Zuhura ni ardhi. Kipindi chao ni nyumba. Wajenge, waipake rangi, waezeke ghorofa la Kilimani juu yake, lakini hati ya ardhi isitoke sandukuni mwako. Kifungu cha 9 kinataka hati, na kinaitaka kwa bei ya kodi.

Hesabu uliyopiga usiku ule ilikuwa nusu. Shilingi 468,000, toa asilimia 5 ya kodi ya zuio, ile ya serikali inayokatwa kabla hujashika chako, unabaki na 444,600. Leso yako itakuwa kifungoni mwaka mmoja wa mkataba na miwili ya baadaye, yaani miezi 36. Gawanya: shilingi 12,350 kwa mwezi, na bado hujatoa nauli ya treni wala kulala Nairobi. Nadhani viazi karai vinamlipa mama yako zaidi ya hapo. Sasa weka upande wa pili harusi zote za Agosti na Desemba ambazo watu watakuita umlete Mama Zuhura, nawe uwajibu kwamba huna ruhusa ya kujifunga leso.

Kuhusu sheria nikupe yale mawili unayoyahitaji. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, kifungu cha 31, inasema kazi ni ya aliyeitunga, lakini ikiwa umeagizwa uitunge, au umeitunga ukiwa mwajiriwa, haki inahamia kwa aliyekuagiza au mwajiri wako, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Hayo maneno ya mwisho ndiyo mlango wako: makubaliano yanaweza kugeuza. La pili, sheria hailindi wazo lililoko kichwani. Lazima liwe limeandikwa au limerekodiwa. Kwa hiyo kabla ya kukutana nao tena, kusanya kila video ya Mama Zuhura uliyonayo, hata ile ya harusini yenye kelele za watoto, panga kwa tarehe. Keti uandike vichekesho vyake vyote kwenye daftari au kompyuta, kisha upeleke kusajiliwa katika Bodi ya Hakimiliki, KECOBO. Miaka sita ya kazi unayo, lakini mbele ya wakili itahesabika ile tu inayoonekana.

Umeambiwa fani ndivyo ilivyo. Kweli, ndivyo ilivyo, na waliopitia wana habari zao. Roseanne Barr, mchekeshaji wa Marekani, alikuwa akihudumia vinywaji Denver huku akipanda jukwaani usiku, mama mnene wa nyumba ya kawaida anayesema wazi anayoyaona kwa mume na watoto. Mwaka wa 1985 akaonekana kwenye kipindi cha runinga cha Johnny Carson, na Oktoba 1988 runinga ya ABC wakaanza kurusha Roseanne, kichekesho kilichojengwa juu ya yule mama wa jukwaani. Hata jina la mhusika lilikuwa lake mwenyewe. Lakini kwenye maandishi ya skrini, mbunifu wa kipindi aliandikwa Matt Williams. Mama yule alipigana, kukawa na vita studioni, na Williams akaondoka kabla msimu wa kwanza haujamalizika. Kipindi kikaendelea mpaka 1997.

Sikiliza kilichotokea baadaye. Machi 2018 kipindi kilirudi na kutazamwa na watu zaidi ya milioni 18. Mei ya mwaka ule ule Roseanne akaandika Twitter maneno ya ubaguzi juu ya Valerie Jarrett, aliyekuwa mshauri wa Obama, na kabla jua halijatua ABC wakakivunja kipindi. Maneno yale simtetei. Ninachotaka ukione ni kilichofuata: ili wenzake wasikose kazi, alikubali kuachia haki zake katika muendelezo, na Oktoba nyumba ile ile, kochi lile lile, wakarudi hewani kwa jina la The Conners. Mama mwenye nyumba wakasema amekufa kwa kuzidisha dawa za maumivu. Wakaendelea bila yeye misimu saba, hadi 2025. Mtu aliyezaliwa kinywani mwake alizikwa, yeye mwenyewe akiwa nyumbani kwake mzima wa afya. Mama Zuhura wakimmiliki wao, wanaweza kumzika siku wakikosana nawe. Au wampe leso mwingine, ambalo naona ni baya zaidi.

Nije kwenye mito na upwani. Margaret Cho, mzaliwa wa San Francisco, wazazi wake Wakorea, naye alitoka jukwaani. ABC wakamjengea All-American Girl mwaka wa 1994. Amesimulia mwenyewe: waliona uso wake mpana mno kwenye kamera, akajinyima chakula mpaka akapunguza zaidi ya kilo 13 katika wiki mbili, figo zikagoma. Tena akaambiwa si Mwasia vya kutosha, akaletewa mtu wa kumfundisha Uasia! Vipindi 19, kikafa 1995. Yeye aliambiwa apungue, wewe unaambiwa ujaze mito, lakini kalamu inayoandika ni moja. Aliangukia kwenye pombe, na mwaka wa 1999 akasimama tena na maiki, peke yake, akaisimulia kadhia yote hiyo kama kichekesho, na watu wakalipa kuisikia. Aliweza kwa sababu jukwaa lake hakuwa amelifungia kwenye kabati la mtu.

Lafudhi yenyewe si dhambi, tusije tukawa wakali kupita kiasi. Benson Wanjau hakuwa Mjaluo, lakini Mzee Ojwang wake wa kichekesho cha Vitimbi pale runinga ya KBC tulimpenda na lafudhi yake, mpaka alipofariki Julai 2015 wengi ndio walijua ana jina jingine. Ojwang alikuwa mtu mwenye hasira zake, ujanja wake, na Mama Kayai wa kumweka sawa. Huyo mvivu wa kochini wanayemtaka hana mtu ndani yake. Mwambie mwandishi wao aje Likoni siku moja saa kumi alfajiri, akae kwenye kigoda, amenye viazi ndoo moja na mama yako. Akishamaliza ndipo aandike uvivu.

Na kwa kuwa nimemtaja Ojwang: jiandae kupoteza jina. Jacky Vike alimwigiza Awinja, mfanyakazi wa nyumbani kwenye kichekesho cha runinga cha Papa Shirandula, na hadi leo barabarani ni Awinja. Papa mwenyewe, Charles Bukeko, tulimlilia kama Papa mwaka wa 2020. Runinga haichezi na majina ya watu. Ndiyo sababu nyingine ya kulishika hilo jina kwa mikono miwili.

Ushauri wangu: kazi ichukue, mkataba huo usiutie sahihi ulivyo. Mtafute wakili anayejua mambo ya hakimiliki, si yule binamu wa kesi za mashamba. Umpe haya akuandikie. Kampuni inamkodi Mama Zuhura kwa kipindi hiki peke yake, kwa vipindi 26, kwa muda unaotajwa. Jukwaani, harusini na kwenye ukurasa wako wa YouTube unabaki naye. Jina lako liandikwe mwanzoni kuwa ndiwe mbunifu wa mhusika. Kodi ya ardhi ilipwe kando na ujira wa kuigiza, hata ikiwa ni shilingi 3,000 kwa kipindi, alimradi iwe na mstari wake wenyewe. Malipo yawe baada ya kurekodi, yasingoje kurushwa hewani, maana nimewaona watu wakingoja kurushwa mpaka wakachoka. Na lugha ya mkataba uelezewe kwa Kiswahili, neno kwa neno, kabla ya kushika kalamu.

Wakikataa kukodi, unayo karata ya pili. Waambie hivi: Mama Zuhura habanduki Likoni, lakini ana mdogo wake. Mtunge pamoja nao, mezani kwao, kwa pesa zao, jina wachague wao. Huyo wakimmiliki, ni haki yao, na wewe utamwigiza kwa moyo wote. Anne Kansiime wa Uganda alijulikana Afrika nzima kwa vipande vifupi alivyovipandisha YouTube mwenyewe, na wenye runinga ndio walimfuata. Wakikataa na huyo mdogo mtu pia, basi wewe hawakukuhitaji tangu mwanzo, na utakuwa umejua bila kulipa.

Wa grupu la WhatsApp waache. Nusu yao wangetia sahihi wakiwa wamesimama.

Mama yako hakuwa anatania. Ama alitania nusu. Kaa naye jioni moja, viazi vikiwa vimekwisha, umwonyeshe kipi cha kwake utakipeleka kwenye runinga na kipi hutakipeleka, akupe radhi yake, na ile kodi ya ardhi mgawane.

Kisha siku ya kwenda kuzungumza na hao wa Nairobi, vaa nguo zako za kawaida. Leso iache nyumbani.

Shangazi